Mzaha mzaha: shajara ya visa kumi

4 Januari

Nimefungua daftari jipya leo, na kwenye ukurasa wa kwanza nimeandika ahadi: visa kumi vifupi vya kuchekesha, kila kimoja kisizidi maneno 1,200, viwe vimekamilika kabla mwezi wa sita haujaisha. Masharti ni mawili. Msikilizaji acheke, halafu akiwa njiani kurudi kwake kiwepo kitu kinachomchoma. Sharti la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Wazee wana methali: mzaha mzaha hutumbua usaha. Kwa kawaida ni onyo. Watoto wanasukumana, mzee anapita, anaitamka, na muda si muda mmoja analia. Mimi nimekuwa nikiitazama upande wa pili. Jipu lisipotumbuka usaha hautoki, na usaha usipotoka mtu haponi. Nataka visa vinavyofanya kazi hiyo.

Kazi yangu ya mchana ndiyo shamba langu. Nachapa nyaraka kwenye steshenari hapa Morogoro: kadi za michango ya harusi, wasifu wa marehemu, mikataba ya kupanga chumba, barua za kuomba kazi, katiba za vikundi vya kufa na kuzikana. Mtu anakuja na karatasi iliyokunjwa mara nne, imelowa jasho la mfukoni, anasema, "Nichapie hii, mwanangu, ila uniwekee maneno mazuri." Miaka sita ya kuweka maneno mazuri imenionyesha watu wanaficha nini nyuma yake.

Ahadi nyingine nimeiandika kwa herufi kubwa. Hakuna sentensi ya karatasi ya mteja itakayoingia kwenye kisa. Mtu akinipa siri yake niichape, nimechapa, imeishia hapo. Ninachochukua ni sauti ya karatasi za aina ile, ya ndani ni yake. Wahusika wangu pia hawatakuwa na majina, watakuwa na vyeo tu: mhazina, mgonjwa, mama mwenye nyumba. Mtaa wetu ni mdogo na kila jina lina mwenyewe.

11 Januari

Visa viwili vipo, cha kinyozi na cha mpangaji mgeni. Vyote vinachekesha, na ukimaliza kucheka hubaki na kitu chochote.

Nimeamua kila kisa kisomwe kwa sauti mahali patatu kabla sijakihesabu kuwa kimekamilika. Kwanza kijiwe cha kahawa, ambako wanakaa wanaume watu wazima na kashata zao. Pili saluni ya kusuka ya rafiki yangu, mahali ambapo mtu anakaa kitini saa tano na hana pa kukimbilia. Tatu sebuleni kwa shangazi yangu Kihonda, Jumapili baada ya chakula, rika zote zikiwepo. Kando ya rasimu naweka alama kwa kalamu nyekundu: duara wanapocheka, mstari wanaponyamaza, msalaba mtu anapochukua simu.

Misalaba ndiyo inayonifundisha zaidi. Mara nyingi mtu anaichukua simu pale ninapoanza kumfafanulia jambo alilokwisha kulielewa.

Kisa cha kinyozi kimepata duara tisa na hakina mstari hata mmoja. Nimekiweka kando.

19 Januari

Nimekaa na Abunuwasi jioni nzima. Mshairi mwenyewe aliishi Baghdad enzi za Khalifa Harun al-Rashid, karne ya 8 kuingia ya 9. Huku kwetu tulimpokea kama mjanja wa hadithi, tukamfanya jirani. Kisa chake cha sufuria nimekisimulia tangu utotoni. Leo nimekifungua kama fundi anavyofungua redio, nione nyaya zinapita wapi.

Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani. Anairudisha ikiwa na kisufuria kidogo ndani yake. "Sufuria yako imezaa." Jirani anajua fika kwamba sufuria haizai, lakini anapokea zote mbili na kushukuru. Safari nyingine Abunuwasi anaazima tena, na sasa harudishi. "Pole, jirani, sufuria yako imekufa." Jirani anapiga kelele: sufuria inakufaje? Jibu linamsubiri mlangoni: iliyoweza kuzaa haishindwi kufa.

Sasa tazama kisu kilipo. Abunuwasi hakumwita jirani mlafi. Hakumhubiria. Jirani mwenyewe ndiye aliyekinoa kisu, siku ile aliyosema ahsante. Angekataa kile kisufuria, kisa kisingekuwepo. Kuna na jambo jingine ambalo sikuwahi kuliona. Kicheko kiko kwenye "imekufa", lakini mwiba uko nyuma, kwenye "imezaa", na msikilizaji anaugundua akiwa ameshalala, kwa sababu na yeye alifurahi kisufuria kilipotolewa.

Nimebandika karatasi ukutani juu ya meza: ANAYEKATWA NDIYE ANAYENOA.

25 Januari

Kidogo tu leo, umeme umekatika. Nimekuwa nikimfikiria Amri Athumani, yule mchekeshaji King Majuto wa Tanga aliyefariki Agosti 2018. Kila nikikumbuka uso wake naukumbuka ukiwa na hasira au na uchungu wa kweli. Aliyekuwa akicheka ni mimi niliyeketi mkekani. Yeye alikuwa anadai haki yake, na haki yenyewe ilikuwa ya ajabu, lakini yeye aliiamini. Msimulizi wa visa vyangu anaonekana kujua kwamba anachekesha. Lazima nimwondoe.

8 Februari

Nimeanza kisa cha tatu, na hiki nakiogopa.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, aliugua miezi saba. Ilihitajika fedha ya upasuaji. Kundi la WhatsApp la ukoo lilikuwa na watu zaidi ya sitini. Walioandika "Mungu atamponya" walijaa ukurasa. Waliotuma fedha niliwahesabu kwa vidole. Alipofariki, michango iliingia kwa siku mbili ikapita mahitaji. Maturubai matatu, viti vya kukodi, ng'ombe mzima. Mama alikuwa amekaa mkekani akitazama sinia za pilau zikipita, akaniambia kwa sauti ya chini, "Leo anakula kila mtu isipokuwa yeye."

Sina kinyongo na ukoo wangu. Mimi mwenyewe nilikuwemo kwenye kundi lile, na nilichotoa kwenye ugonjwa kilikuwa kidogo kuliko nilichotoa kwenye msiba. Ndiyo maana nataka kukiandika. Na nataka kichekeshe, kwa sababu nimeshajaribu kulisema jambo hili kwa uso wa huzuni mara nyingi, watu wakatikisa vichwa, wakasema "kweli kabisa", wakaendelea kula.

15 Februari

Rasimu ya kwanza ya kisa hicho. Mgonjwa anakosa fedha ya upasuaji. Mtu anatuma ujumbe kwa makosa kwamba amefariki. Fedha zinamiminika, turubai linafungwa, masufuria yanainjikwa jikoni. Marehemu anatokea kwa miguu yake, ameshika fimbo, anauliza nani amekufa. Anaambiwa. Anaomba basi zile rambirambi zimpeleke hospitali. Kisha anasimama na kuwaambia ukweli wote kuhusu jamii yetu.

Kijiweni nilipata duara hadi mgonjwa alipofika na fimbo yake. Kuanzia alipofungua mdomo kuhutubia, misalaba minne. Mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Mwanangu, pale aliposimama kuongea nilidhani tumehamia kwenye mkutano wa kampeni."

Alisema kweli. Nimekaa siku nzima naitazama ile hotuba. Kila sentensi ndani yake ni yangu, na naipenda, na hakuna hata moja ambayo mtu mgonjwa aliyetembea kutoka kitandani angeisema. Mtu yule angeomba maji ya kunywa.

23 Februari

Umbo la kisa limepatikana. Lilikuwa mbele ya macho yangu kila siku kazini.

Kisa kizima ni muhtasari wa kikao. Hakuna msimulizi, hakuna maelezo, kuna katibu tu anayeandika kwa uaminifu yaliyotokea. Nimechapa mihtasari ya namna hii mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa hiyo sauti yake ninayo mkononi: kufungua kikao, mahudhurio, yatokanayo, mengineyo, kufunga kikao. Ile hotuba imekufa yenyewe, kwa sababu muhtasari hauna nafasi ya hotuba. Katibu anaandika tu "mjumbe alichangia kwa hisia".

Nanakili sehemu hapa nisiipoteze:

MAHUDHURIO
1. Mwenyekiti
2. Katibu
3. Mhazina
4. Wajumbe kumi na mmoja
5. Marehemu

AGENDA NA. 3: MATUMIZI YA RAMBIRAMBI
Mhazina aliwataarifu wajumbe kuwa hadi saa nne asubuhi zilikuwa zimepatikana shilingi 1,340,000. Marehemu aliomba shilingi 600,000 kati ya hizo zimlipie upasuaji. Mhazina alisoma kifungu cha 9, kwamba fedha za msiba zitatumika kwa msiba tu. Wajumbe walijadili kwa dakika kumi. Iliazimiwa kuwa ombi ni la msingi, ila mwombaji hajatimiza sharti.

AGENDA NA. 4: MENGINEYO
Mjumbe mmoja alitaka kujua pilau lililokwisha kuiva litagawiwaje iwapo msiba umeahirishwa. Mjadala ulichukua saa moja na dakika ishirini.

Nimeandika "umeahirishwa" bila kufikiri, na nilipoisoma mkono ulinisisimka. Muhtasari unaishia na mwenyekiti kumshukuru marehemu kwa kuhudhuria, na mhazina kumwomba atoe taarifa mapema safari ijayo ili viti vikodiwe kwa bei nafuu.

Dakika kumi kwa mtu, saa moja na ishirini kwa pilau. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili za hotuba kutafuta kusema hivyo.

2 Machi

Nimekisoma kijiweni. Nilikisoma kikatibu, bila kubadilisha uso. Kwenye "5. Marehemu" walicheka hadi mmoja akamwaga kahawa. Kwenye "hajatimiza sharti" kicheko kilianza, kikakatika katikati. Nilipofika kwenye saa moja na dakika ishirini, muuza kahawa, ambaye muda wote huwa anavigonganisha vikombe vyake, aliacha kugonga.

Mzee yule wa mkutano wa kampeni alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, akitazama kikombe, "Kwetu ni kifungu cha 11."

Sikuuliza zaidi. Nimechora mstari mmoja mrefu kwenye ukingo wa karatasi, kutoka juu hadi chini.

Saluni walicheka zaidi na walinyamaza kidogo zaidi. Mmoja alisema mke wa marehemu hasikiki mahali popote. Ni kweli. Nimeongeza mstari mmoja kwenye mahudhurio: "Mke wa marehemu: udhuru, yupo jikoni anapika." Sasa imebaki sebule ya shangazi tu.

9 Machi

Shangazi amefungua sanduku lake la kanga kutafuta moja ya kumpa mzazi, nami nikakaa chini nikazisoma zote. Nyingine zina ile alama ya Mombasa, Mali ya Abdulla, rangi zimeanza kupauka kwenye mkunjo. Nilisoma hadi magoti yakafa ganzi. Maneno matatu: Hasidi hana sababu. Hayazidi matatu, na mwanamke anaweza kuianika kwenye kamba inayotazamana na dirisha la jirani, akaingia ndani kupika. Hakumtaja mtu. Kama jirani atakasirika, atakuwa amejitaja mwenyewe.

Nimerudi nyumbani nikapunguza kisa cha mpangaji kutoka maneno 1,150 hadi 700. Hakijalalamika.

16 Machi

Swali la utani limenikamata tangu msiba wa jirani yetu wa mtaa wa pili, Mhehe, wiki iliyopita. Watani wake wa Kingoni walikuja. Mmoja alivaa koti la marehemu akatembea kama yeye, ule mwendo wake wa kuvuta mguu, akawa anadai wenye deni wamlipe kabla hajaondoka. Mwingine alilala njiani mbele ya jeneza, akakataa kuinuka hadi apewe chochote. Mjane, ambaye alikuwa amelia siku mbili mfululizo, alicheka. Alicheka akiwa ameshika kifua, na machozi yakiendelea kutoka.

Wangoni na Wahehe walipigana vita vya kweli, vya mikuki na ng'ombe kuporwa, miaka ya 1870 na 1880. Wanyamwezi na Wazaramo walikutana kwenye njia ya misafara ya kwenda Bagamoyo, wapagazi wenye mizigo mabegani wakipita kwenye nchi ya wenyewe. Kwenye mikwaruzano ya namna hiyo ndiko utani ulikoota. Maneno ambayo kwa mtu mwingine yangeleta kesi, kwa mtani yanapokelewa.

Nilijaribu kuandika kisa cha mtani msibani. Kwenye karatasi kimekuwa kikatili. Nimesoma tena na tena na maneno ni yale yale niliyoyasikia. Kilichopungua nimekiona leo asubuhi nikipiga mswaki: mtani aliyelala njiani alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuchimba kaburi. Nilimwona mwenyewe, udongo mwekundu hadi magotini. Watu wote pale walijua. Ruhusa yake ya kucheka ilitoka kwenye lile jembe.

Basi kisa kianze na jembe. Msomaji amwone anachimba kwanza, asikie pumzi yake, ndipo afungue mdomo. Nimekiandika upya hivyo na kimepumua. Lakini swali limebaki kwa visa vyote tisa vingine: mimi ninayemcheka mtu huyu, jembe langu liko wapi?

6 Aprili

Mvua ya masika imetuweka ndani, na sebule ya shangazi ilijaa kuliko kawaida. Nilisoma kisa cha sita, cha dada wa kazi aliyetoka kijijini. Ni kisa nilichokiandika haraka, kwa raha. Msichana anamwagilia maua ya plastiki kila asubuhi. Anazungumza na mtangazaji wa televisheni, anamwitikia salamu. Anafungua friji usiku kuhakikisha kama taa imezimwa kweli. Duara, duara, duara. Shemeji yangu alijifuta machozi.

Dada wa kazi wa shangazi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Ni msichana wa miaka kumi na tisa, anatoka upande wa milimani. Nilipoinua macho kutoka kwenye karatasi nilimwona anatabasamu, tabasamu lile la mtu anayesubiri jambo lipite. Kisha aliinama, akaanza kukusanya vikombe, pamoja na vile ambavyo vilikuwa bado na chai.

Sikumaliza kusoma. Nilisema mvua inapiga kelele.

7 Aprili

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nimekuwa nikitafuta makali miezi mitatu, na nilipoyapata nimemchoma mtu mwenye nguvu ndogo kuliko wote mle ndani, aliyekuwa ameshika vikombe vyetu. Nilikwenda leo kumwomba radhi. Aliniambia, "Hamna shida, dada, ni hadithi tu." Hakunitazama.

Kisa hicho nimekichana. Nimeandika hapa kwamba nimekichana ili nisije nikakitafuta baadaye nikasema lakini kilichekesha.

13 Aprili

Nimekaa na swali: je, maua ya plastiki yenyewe ndiyo yenye kosa? Sidhani. Picha ile ni nzuri. Msichana anayamwagilia maua ya plastiki: ni nani kati ya watu wa nyumba ile aliye mjinga? Kwenye rasimu yangu nilijibu haraka bila kuuliza. Sasa nageuza. Anayamwagilia kwa sababu ameagizwa. Mama mwenye nyumba anataka wageni wakiingia wayaone yana matone, wadhani ni maua ya kweli. Msichana anajua tangu siku ya kwanza kwamba ni plastiki. Anajua zaidi ya wageni.

Neno moja limegeuka, "ameagizwa", na kisu chote kimetazama upande mwingine.

27 Aprili

Kisa cha sita, kipya. Ni barua ya msichana kwa mama yake kijijini, na hana hata chembe ya malalamiko. Nimeshika lile la Majuto: mwenye kusema anaamini anachokisema. Anamtoa mama yake wasiwasi.

"Mama, huku wananipenda kama mtoto wao wa kuwazaa. Mama mwenye nyumba anamwambia kila mgeni: huyu si mfanyakazi, huyu ni mwanangu. Akishasema hivyo ananituma maji. Watoto wao wengine wanalala chumbani, mimi nalala jikoni, kwa kuwa jikoni kuna joto na mimi nimezoea baridi ya kwetu, hawataki niugue. Mama, zile hesabu zilizonishinda shuleni nimezijua huku. Kuku mmoja ana vipande kumi na viwili. Vinahesabiwa vikiingia sufuriani na vinahesabiwa vikitoka. Mpaka sasa havijawahi kupungua, na mama mwenye nyumba amesema nina akili."

Nilipofika hapo niliinuka nikazunguka chumba. Sijui kama ni kizuri. Najua kwamba kila mstari wake nauona, na kwamba kila anayekatwa ndani yake anajinoa mwenyewe: ni yule mama anayesema "mwanangu".

Nilitaka kuweka mwisho ambapo msichana anatoroka. Nimeandika na nimefuta mara tatu. Barua inaisha na salamu, kama barua zinavyoisha: nisalimie wadogo zangu, mwambie babu fimbo yake nitamletea, na mshahara ukitoka nitatuma, wameniambia wananiwekea.

"Wananiwekea" ndilo neno la mwisho kwenye kisa. Nimelijaribu saluni. Mwanamke aliyekuwa anasukwa aliinua kichwa ghafla hadi msusi akamwachia rasta, akasema, "Mimi waliniwekea miaka mitatu."

Nimesahau kuchora alama siku hiyo.

4 Mei

Hali ya mradi ilivyo. Vimekamilika vitano: mpangaji, kikao cha rambirambi, mtani na jembe, mganga wa mtandaoni, na barua ya kadi ya harusi. Cha dada wa kazi kimesomwa mara moja tu. Cha kinyozi bado nimekiweka kando na sidhani kama kitarudi. Cha saba kinahusu wapangaji sita wanaotumia LUKU moja, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, na kikao chao cha kumtafuta anayemaliza umeme. Mwenye friji ndiye mwenyekiti wa kikao, na mtuhumiwa ni mwanafunzi anayechaji simu. Wazo ninalo, sauti bado. Nadhani nalo ni la karatasi, pengine tangazo lililobandikwa ukutani ambalo kila mpangaji anaongeza mstari wake kwa kalamu tofauti.

Kisa cha mganga wa mtandaoni kilinipa taabu ndogo kuliko nilivyotarajia, na sina la kusema zaidi juu yake.

18 Mei

Leo nimemaliza woga. Nilimwomba shangazi ruhusa, kisha nikamwomba dada mwenyewe, nikamwambia akikataa naelewa. Tulikaa jikoni sisi wawili, yeye akichambua mchele kwenye ungo, nami nikamsomea ile barua kutoka mwanzo hadi "wananiwekea". Karatasi haikuwa na kalamu nyekundu pembeni yake.

Kwenye "akishasema hivyo ananituma maji" alitoa pumzi kwa puani, kicheko kidogo. Kwenye jikoni na joto hakucheka, aliendelea kutoa chuya, akizitupa mlangoni moja moja. Kwenye maua ya plastiki alicheka kwa sauti, mara ya kwanza namsikia, akaweka ungo chini kabisa.

Nilipomaliza alinyamaza. Nikasubiri.

"Hapo kwenye kuku umekosea," akasema.

"Nimekosea wapi?"

"Hawaanzi na vipande. Wanaanza na firigisi. Firigisi ya baba ndiyo inayoulizwa kwanza, hata kifuniko hakijafunuka vizuri. Vipande baadaye." Akafikiri kidogo. "Na shingo haihesabiwi. Shingo ndiyo yangu."

Nilimwomba anisubiri, nikaiandika hapo hapo juu ya goti, kwa maneno yake. Imeingia baada ya vipande kumi na viwili: "Firigisi ya baba ndiyo inayoulizwa kwanza. Shingo haihesabiwi, Mama, shingo ndiyo yangu."

Akaniambia nimsomee tena kuanzia hapo.